Kanuni za Vita Visivyopiganwa

Mtu anayecheza vita vya mezani huwa na makabati mawili. La kwanza lina askari: vijisanamu vya plastiki na vya madini, kila kimoja hakizidi sana urefu wa kidole gumba, vilivyopakwa rangi kwa brashi nyembamba mithili ya unywele. La pili lina vitabu. Mgeni akiingia nyumbani huongozwa kwenye kabati la kwanza, akaonyeshwa farasi na bendera, akastaajabu, akasifu. La pili haonyeshwi. Walakini ni hilo la pili ambalo mwenyewe hulifungua usiku, watu wamekwisha kulala, akatoa kitabu kimoja kisichofika kurasa mia, akakaa nacho kama akaaye na diwani.

Kitabu hicho si riwaya wala si tarehe ya wafalme. Ni kitabu cha kanuni. Tena si kanuni za msingi, bali nyongeza ya kanuni, yaani kitabu kilichoandikwa juu ya kitabu. Kukisoma kitu cha namna hiyo kwa raha, bila ya meza kutandikwa wala dadu kutupwa, ni jambo ambalo hata wachezaji wenyewe hulionea haya kidogo, kama mtu aliyekutwa anasoma kamusi kwa starehe. Hawana haja ya kuona haya.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe huenda hivi. Hutandikwa meza ya futi sita kwa nne, ikapangwa vilima, miti na magofu. Watu wawili husimama pande mbili, kila mmoja na jeshi lake alilolinunua kidogo kidogo, akaliunganisha kwa gundi na kulipaka rangi kwa miezi, pengine kwa miaka. Huchezwa kwa zamu. Masafa hupimwa kwa inchi na futikamba. Nani kapigwa na nani kanusurika huamuliwa na dadu. Maarufu miongoni mwa michezo hii ni Warhammer, uliotolewa Uingereza mwaka 1983 na kampuni ya Games Workshop, watunzi wake wakiwa Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley. Dunia yake ni ya kubuni: madola yanayofanana na Ulaya ya kale, yakizungukwa na magoblini, vibete wa milimani, maiti wanaotembea na mashujaa wa nasaba. Kitabu cha msingi hueleza yanayowahusu wote, kutembea, kurusha, kupigana, kukimbia. Kisha kila taifa hupata kitabu chake. Na baada ya mataifa huja vitabu vya mahali na vya hali, kama kile cha kuzingira ngome cha mwaka 1988, au kile cha misitu ya Lustria cha mwaka 2005, na vinginevyo ambavyo kuvitaja vyote kungelimaliza ukurasa huu.

Raha ya kwanza ya nyongeza ni kwamba humwonyesha msomaji tabia za watu kwa njia ya sheria. Watazamwe maorki. Mwandishi wa riwaya angetumia sura nzima kueleza kwamba hawa ni wagomvi, wasiopatana hata wao kwa wao. Mwandishi wa kanuni hasemi hivyo. Anasema tu kwamba mwanzoni mwa zamu kila kikosi cha maorki kitupiwe dadu, na ikilala moja, kikosi hicho kimeshikwa na ugomvi na hakitaamrika kama kawaida. Jemadari aliyepanga mambo yake vizuri, ubavu wa kushoto umshike adui na wa kulia umshukie, hutupa dadu na kuuona ubavu wa kulia mzima umesimama unatukanana. Magoblini wa usiku nao huficha katika safu zao wenzao waliolevywa kwa uyoga, kila mmoja na tufe la chuma kwenye mnyororo. Adui akikaribia inchi nane, walevi hao hutolewa nje wakizunguka kama pia. Umbali wa mwendo wao hujulikana kwa dadu, na yeyote watakayempitia, adui au ndugu, huumia. Ni sentensi chache kavu, zimeanza kwa "endapo" na kuishia kwa "basi", na ndani yake mna kichekesho kizima na msiba mzima.

Vibete wana miguu mifupi: inchi tatu kwa mwendo wa kawaida, pale binadamu aendapo nne. Lakini wengine hukatazwa kwenda hatua za haraka adui akiwa karibu, na wao hawakatazwi. Kwa hiyo hawana mbio, na hawazuiliki. Anayesoma mistari hiyo miwili amekwisha kukutana nao, wala hahitaji kuambiwa rangi ya ndevu zao.

Na mzinga! Hadi chapa ya saba ya mchezo, iliyotoka mwaka 2006, mzinga haukupigwa kwa kupima. Mpigaji alitakiwa akadirie masafa kwa jicho, atamke idadi ya inchi mbele ya mpinzani wake, kisha ndipo futikamba ivutwe na dadu maalumu itupwe kuonyesha tufe limeruka hadi wapi. Dadu hiyo ilikuwa na uso mmoja usiokuwa na namba, alama tu ya balaa. Ukijitokeza, mtu alifungua jedwali kutazama kama mzinga umezimika au umepasuka na watu wake. Chapa ya nane ya mwaka 2010 iliruhusu kupima kwanza. Mchezo ukawa wa haki zaidi, hapana shaka, na kitu fulani kikaondoka mezani: ule ukimya wa mtu aliyeinama, jicho moja kalifumba, kabla hajasema, "Ishirini na saba."

Msomaji wa mashairi ya pwani hatashangazwa mno na habari ya kitabu kinachojengwa juu ya kitabu. Chuoni husomwa matini, kisha sherehe ya matini, kisha hashia juu ya sherehe, na wapo wanazuoni ambao utamu wote wameuona katika hashia. Takhmisi nayo ni kazi ya ukoo huo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alilichukua shairi linalonasibishwa na Liyongo, akaiacha ile mishororo miwili miwili ya asili, akaitangulizia mitatu yake mwenyewe, ubeti ukawa wa mitano. Mwenye kutakhamisi hana ruhusa ya kulivunja neno alilolikuta. Uhuru wake wote umo ndani ya ile mitatu, nayo sharti iingie katika miwili bila ya kovu kuonekana. Mwandishi wa nyongeza ya kanuni amefungwa kwa kamba hiyo hiyo. Kitabu cha msingi kimekwisha kusema jinsi mtu anavyotembea. Yeye analetewa kibete na kuambiwa amfanye awe kibete bila ya kuubomoa mwendo wa wengine. Akizidisha nguvu, ameharibu mchezo wa kila mtu. Akipunguza, ameandika taifa ambalo hapana atakayelitaka. Tofauti baina ya kazi hizi mbili ipo, nayo si ndogo: takhmisi haimuuzii mtu askari.

Hilo la kuuza lazima lisemwe. Anayeandika kanuni na anayechonga sanamu wamo chini ya paa moja huko Nottingham, na aghalabu kikosi kipya chenye sanamu mpya huja na kanuni tamu kuliko cha zamani. Wachezaji wanalijua hilo na hulinung'unikia, kisha hununua. Mnamo Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia katika orodha ya makampuni mia makubwa ya soko la hisa la London. Dukuduku la wachezaji halikuizuia. Lakini si haki kudhani kwamba kila kanuni imeandikwa na karani wa mauzo. Zipo ambazo zimeandikwa na mtu aliyekuwa akicheka peke yake.

Asili ya kanuni hizi haikuwa kicheko. Mwaka 1812 Baron Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme wa Prussia meza yenye vipande vya ardhi ya plasta vinavyopangwa upya kila mara. Mwanawe, luteni wa kikosi cha mizinga, aliihamishia kazi hiyo kwenye ramani za kipimo cha 1:8000, akatia dadu, majedwali na mwamuzi, akachapisha kanuni zake mwaka 1824. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, alipoonyeshwa, anasimuliwa kuwa alianza kwa ubaridi na kuishia kwa shangwe, akitamka kwamba huo haukuwa mchezo bali skuli ya vita. Kijana yule hakudumu kuyaona matunda yake. Mwaka 1827 alijiua. Waliomfuata walizidisha nyongeza, jedwali juu ya jedwali, hata maofisa wakachoka kuhesabu, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza vitabu viwekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Jeshi lililotaka ushindi liliona kwamba kanuni zimekuwa nyingi mno. Wapenzi wa mchezo, ambao hawakutaka ushindi wowote wa kweli, ndio waliozitunza.

H. G. Wells alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1913 alitoa Little Wars, kitabu chembamba cha kanuni za kupigana sakafuni kwa askari wa madini na mizinga midogo ya springi inayorusha vipande vya mbao. Hakuwa mtu wa kuitukuza vita. Hoja yake mwishoni mwa kitabu ni kwamba mtu akicheza vita vidogo mara tatu nne atafahamu jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la ovyo, na jinsi wakubwa wanavyoweza kukosea. Lakini hata yeye hakuweza kujizuia. Kitabu kina nyongeza, inayoeleza jinsi ya kuupanua mchezo ule uwafae maofisa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, vita vikubwa vikaja, na Wells akaviandikia kitabu cha kuviunga mkono, kikiitwa The War That Will End War.

Kisa hicho hakimruhusu mpenzi wa kanuni ajitetee kwa wepesi. Ni kweli kwamba kusoma jedwali la mzinga uliopasuka si kushangilia watu waliopasuliwa na mzinga. Ni kweli pia kwamba jedwali limeandikwa kwa utulivu ambao hakuna aliyewahi kuupata pembeni mwa mzinga wa kweli. Raha yenyewe imetoka humo, katika dunia ambayo kila fujo ina ibara yake na kila ibara ina namba. Asiyejua kwamba anaipenda kwa sababu hiyo anajidanganya, na wengi wanajua.

Na achukuliwe kwa mfano msomaji mmoja, mtu wa makamo, katika mji wowote wa Uingereza, mwenye jeshi la Bretonnia. Hilo ni taifa la wapanda farasi wenye deraya, watu wa nadhiri na mikuki mirefu. Kitabu chao kina tarehe ya 2003, na ndani yake mna kanuni mbili ambazo amezisoma mara nyingi kuliko alivyozitumia. Ya kwanza ni ya dua. Kabla ya pigano jeshi zima huweza kupiga magoti kumwomba Bibi wa Ziwa. Likiomba, adui hupewa zamu ya kwanza, kwa kuwa waombaji wamo magotini. Na badala yake kila mpanda farasi hupata dadu ya ziada ya kumkinga, ambayo aghalabu haikingi. Kikosi kikikimbia, baraka imekwisha. Ya pili ni fupi na kali zaidi. Vikosi vingi hutiwa hofu na wenzao wanaokimbia, lakini mpanda farasi wa Bretonnia hashtuki akiwaona wakulima wa jeshi lake mwenyewe wanakimbia. Kanuni haitoi sababu. Haimlaumu wala haimsifu. Inasema tu kwamba hatupi dadu, na msomaji ameliona taifa zima, na uzuri wake, na ubaya wake, na kiburi chake, bila ya kuhubiriwa.

Bwana huyo alikisubiri kitabu kipya. Chapa ya saba ya kanuni za msingi ikatoka, ya nane ikatoka, mataifa mengine yakaandikiwa upya, na wake wakabaki na kitabu kile kile, ambacho kila chapa ya msingi ilikiacha nyuma zaidi. Ile safu yao ya ncha ya mkuki, iliyokuwa ikipasua vikosi, ikaja kugonga makundi makubwa ya askari wa miguu wa chapa ya nane na kukwama. Kila mwezi alifungua jarida la White Dwarf kutazama kama zamu yao imefika. Mwenzake wa kucheza alihama mji, kisha akauza jeshi. Meza ikarudi kuwa ya chakula. Kilichobaki ni kusoma. Na wala hakuhisi kwamba amebaki na kidogo. Usiku mmoja huisoma dua. Usiku mwingine hupanga jeshi la pointi elfu mbili katika daftari, akikata upinde hapa na kuongeza bendera kule, akijua vyema kwamba jeshi hilo halitatoka kabatini. Katika baraza za bao hapana kitu cha kulinganishwa na hilo, kwa sababu kanuni za bao hukaa katika vichwa vya wachezaji, na asiyepata wa kucheza naye hana pa kuzisoma.

Kisha dunia yake ikauawa, na vilivyoiua ni vitabu vya nyongeza. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2015 vilitoka vitano kwa mfululizo, vizito, vyenye picha za fahari, chini ya anwani ya The End Times. Kila kimoja kilikuwa na kanuni mpya za kuchezea maangamizi, na kila kimoja kiliondoka na miji na wafalme. Cha tano kikaimaliza dunia yenyewe. Wapo walioona huo ni ujasiri, na kwa hakika si kila kampuni ingelithubutu. Mwezi Julai 2015 ukaletwa mchezo mwingine, Age of Sigmar, ambao kanuni zake za msingi zilikuwa kurasa nne tu. Mataifa ya zamani yalitolewa karatasi zao za kuagia, nyingine zikiwa na mzaha ndani yake. Shujaa mmoja wa dola ya binadamu aliruhusiwa kurudia dadu endapo mchezaji wake ana masharubu makubwa kuliko ya mpinzani.

Huenda mwandishi wa mzaha huo aliuandika kwa mapenzi. Kwa mtu aliyeisoma dua ya Bibi wa Ziwa kwa zaidi ya miaka kumi, ulikuwa kama kicheko cha mtu anayefunga mlango. Haikumuuma kwamba kanuni zimepungua. Kurasa nne ni neema kwa mtoto anayeanza, na wengi walioanza hapo wanaucheza mpaka leo. Kilichomuuma ni kuambiwa kwamba miaka yote ile alikuwa akisoma mzaha. Wengine walikataa. Mwaka huo huo wa 2015 kundi la wachezaji likaanza kuandika kanuni zao wenyewe, The 9th Age, wakitunga kitabu cha msingi na vitabu vya majeshi yao bila ya ruzuku ya mtu. Mchezo mpya nao haukuvumilia sana ufupi wake. Mwaka 2016 ukapata kitabu cha nyongeza kilichorudisha hesabu ya pointi.

Bwana yule hakujiunga na upande wowote. Kitabu cha 2003 kilikuwa hakina mamlaka tena popote, sawa na sarafu ya sultani aliyekwisha ondoka, na yeye aliendelea kukisoma. Mtu anaweza kusema kwamba hapo ndipo kilipokuwa kitabu hasa. Hakikumwamuru kitu. Hakikumuuzia kitu. Kila "endapo" iliyokuwamo ilibaki imening'inia, ikingoja "basi" ambayo hakuna dadu itakayoileta.

Januari 2024 kampuni iliirudisha dunia ya zamani, kwa jina la The Old World, nayo Bretonnia ikawa katika mataifa mawili ya kwanza kutolewa. Ilikuja na sanduku lake la askari na kijitabu chake cha nyongeza. Mataifa saba mengine yalipewa orodha za bure tu na kuambiwa yasitarajie zaidi, na wenye majeshi hayo wanajua ladha ya subira ambayo bwana huyu ameionja. Yeye alikinunua kijitabu siku za mwanzo. Hakutazama picha. Hakutazama pointi. Alikaa kitako mbele ya meza ya chakula, kitabu cha zamani upande wa kushoto kimefunguliwa pale pale kinapofunguka chenyewe, kijitabu kipya upande wa kulia, akaanza kupitisha kidole chini ya mistari, ibara kwa ibara, akiitafuta dua.